Dawa Haichujwi

Mimi nina mdomo, nakiri, na kaka yangu ana kichwa kigumu, na hilo analijua kila mtu isipokuwa yeye mwenyewe. Kwa hiyo msitarajie niisimulie habari hii polepole. Nikiikumbuka tu moyo unaanza kunienda mbio, na wifi yangu akisikia naianza tena hutoka jikoni na mwiko mkononi aje kuongeza chumvi.

Kaka ni mjalidi. Vinaletwa kwetu vitabu vilivyochakaa, rejista za mahakama, vitabu vya dua vilivyoshikwashikwa hadi kurasa zikalegea, na sisi tunavirudishia heshima yake. Mimi nashona kurasa kwa uzi uliopakwa nta. Mzee mmoja tunayemwita Kisu ananyoosha kingo kwa mashine ya kukatia karatasi. Kaka anabandika jalada, halafu mwisho kabisa anaandika jina la kitabu mgongoni kwa herufi za dhahabu. Herufi zile za shaba anazipanga moja moja, anazipasha moto, kisha anazigandamiza mara moja tu. Ukikosea, ngozi imeharibika, huna pa kufutia. Miaka ishirini na saba Kaka hakukosea, na wateja wakampa jina la Mstari.

Kisha macho yakaingia ukungu. Mtoto wa jicho, macho yote mawili, la kulia likiwa baya zaidi. Akaanza kuzipapasa herufi kwa kidole badala ya kuzitazama. Sisi tukajifanya hatuoni. Siku moja akapiga jina la kitabu kichwa chini miguu juu, akalipuliza vumbi, akamkabidhi mteja huku anatabasamu. Mteja wa watu hakusema kitu kikubwa, alisema tu, "Mstari, mbona kama limepinduka?" Kaka alikaa kwenye stuli yake. Baadaye akaniuliza, "Dada, nikishindwa kuandika mgongo wa kitabu, nitakuwa nani?" Jamani, tangu tuzaliwe sijawahi kumsikia akiuliza swali kama lile. Niliogopa.

Kumfanyia upasuaji, alisema daktari wa macho, si kazi ya kutisha. Tatizo lilikuwa sukari. Kaka ana kisukari mwaka wa tisa sasa, na mara mbili alikuwa amerudishwa kutoka mlangoni kwa sababu kipimo cha damu, kile kinachoonyesha ulivyoishi miezi mitatu nyuma, kilikuwa juu. Safari hii kilisoma tisa nukta mbili. Daktari alitaka kishuke mpaka nane na nusu au chini yake ndipo aguse jicho, maana aliogopa kidonda kusumbua. Akatoa tarehe, wiki kumi na tatu mbele. "Ukishindwa hii," akasema, "unarudi mwisho wa foleni." Foleni yenyewe ilikuwa mwaka na ushee. Mwaka na ushee! Kwa macho yale, Kaka angekuwa anashikwa mkono kwenda chooni.

Ndipo nesi wa kliniki ya kisukari akaingia katika maisha yetu. Mwanamke mfupi, mchangamfu, sauti inafika ghorofa ya pili. Alikagua vidonge vya Kaka, akauliza anakula nini, akaenda kuzungumza na daktari, akarudi na kopo la unga. "Hizi ni nyuzinyuzi zinazoyeyuka," akasema. "Zinatoka kwenye maganda ya mbegu. Ukiukoroga unga huu kwenye maji, unakuwa mzito. Tumboni unafanya ute, chakula kinapita taratibu, na sukari inaingia kwenye damu kidogo kidogo badala ya kuvamia kwa mkupuo. Si muujiza, baba. Vidonge utaendelea navyo, sahani utaipunguza, na miguu utaitumia. Huu ni msaidizi tu."

Katika maneno yote hayo, Kaka alisikia mawili: unakuwa mzito. Uso ukamng'aa. Kitu cha kukoroga mpaka kiwe kizito ndiyo kazi yake ya kila asubuhi! Gundi yetu tunapika wenyewe kwa wanga, na hapa mjini hakuna anayemfikia Kaka kwa gundi laini.

"Nesi," akasema, "hapo umefika nyumbani. Mimi nimekoroga tangu wewe hujavunja ungo."

Nesi akacheka. Nami nikacheka. Laiti tungejua!

Karakana yetu ina chumba kidogo nyuma, tunakiita chumba cha gundi, na sheria yake ni moja: Kaka akiwemo, haingii mtu. Ukifungua mlango unaleta vumbi, na punje moja ya vumbi chini ya karatasi ya jalada inaonekana kama chunusi usoni. Basi lile kopo akaliweka humo. Kila siku kabla ya chai ya asubuhi, na tena kabla ya chakula cha mchana, aliingia na kikombe chake, akafunga mlango, akatoka baada ya muda anafuta masharubu. Wifi yangu alikuwa akinipigia simu kila mchana.

"Wifi, amekunywa?"

"Amekunywa. Nimemwona kwa macho yangu."

Na kweli nilimwona! Niliona kikombe, niliona masharubu. Ningeweza kuapa mbele ya hakimu.

Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kaka anajitoboa kidole saa mbili baada ya chakula cha mchana, mimi namsomea namba kwenye mashine na kuiandika kwenye kijitabu nilichomshonea mwenyewe. Namba hii ni hesabu nyingine, si ile ya daktari, na Nesi aliitaka iwe chini ya kumi. Kumi na tatu nukta sita. Kumi na tatu nukta nne. Kumi na nne. Wiki ya tano ikafika, kumi na tatu nukta saba, na Kaka akaitupa kalamu yangu ukutani.

"Unga huu ni uongo mtupu! Bora ningemeza vumbi la Kisu!"

"Vumbi langu halina maagizo ya daktari," akajibu Kisu bila kuinua kichwa kwenye mashine yake.

Nyumbani mambo yakachacha. Wifi alikuwa amempunguzia wali, amemjazia mboga, amefuta soda kabisa, na namba haishuki. Angefikiri nini? Alimwambia wazi kwamba anakula keki kwa siri. Kaka akaapa. Wifi akasema wanaoapa ndio wanaokula. Siku mbili hawakusemezana, na mimi nikawa tarishi kati yao, "mwambie kaka yako" huku, "mwambie wifi yako" kule. Nami, Mungu anisamehe, nilimshuku pia. Kaka alipotoka nilipekua droo yake nzima. Nilikuta uzi, nta, na miwani tatu ambazo hazikuwa zikimsaidia tena. Niliona aibu nikairudisha droo taratibu.

Sasa sikilizeni. Jumanne ya wiki ya sita, Kaka amekwenda kupeleka vitabu shuleni. Akaja mama mmoja, karani, na rejista ya ofisi yake iliyong'oka jalada. Anaitaka kabla ya adhuhuri, mkubwa wake anaingia kwenye mkutano nayo. Nilitaka kumwambia arudi kesho, lakini alikuwa na uso wa kuhurumiwa. Nikasema moyoni, kwani mimi kubandika jalada sijui? Nikaingia chumba cha gundi.

Mezani palikuwa na mabakuli mawili, yote yamefunikwa kitambaa. Nikafunua la karibu. Loo! Gundi ya namna ile sijawahi kuiona. Laini, inang'aa, imetulia, inatikisika kidogo ukigusa bakuli. Nikasema, leo Kaka amejipita mwenyewe. Nikaipaka kwa brashi, nikabandika, nikaweka rejista kwenye presi ya kubania vitabu nikaikaza, nikamkaribisha mama wa watu kiti. Nusu saa ikapita. Nikafungua presi kwa madaha, nikamkabidhi rejista yake kwa mikono miwili.

Jalada likateleza likaanguka miguuni pake. Rejista ikabaki uchi mkononi mwangu, inachuruzika ute.

Kisu alicheka hadi akashikilia mashine. Na hapo hapo ndipo Kaka akaingia mlangoni, jasho linamtoka.

"Kaka!" nikamkaba. "Gundi gani hii umepika? Umeniaibisha mbele ya mteja!"

Akachovya kidole, akakisugua na dole gumba, akanusa. "Ala! Hii si gundi. Umechukua makapi ya dawa yangu."

"Makapi ya nini?"

"Ya ule unga wa nesi. Huwa nayamwaga jioni."

"Hebu nieleze, Kaka. Taratibu. Unaunywaje huo unga?"

Akanieleza, tena kwa fahari, kama anamfundisha mgeni kazi. Anakoroga kwenye maji. Anauacha robo saa ushike. Kisha anachuja kwa kitambaa safi, anakamua kidogo, anakunywa kile kinachotoka. "Siku ya kwanza niliuacha kidogo nikiwa naongea na mteja, nikakuta umeganda, nikanywa ukanikwama hapa kooni. Nikasema, mimi mjinga nini? Kitu cha kukoroga hakitumiki bila kuchujwa. Ulitaka ninywe mabonge?"

Mama weee! Nilipiga ukelele mpaka yule karani akasimama.

"Kaka! Hayo makapi ndiyo dawa yenyewe! Dawa unaimwaga, unakunywa maji ya kuoshea dawa!"

Kisu akaacha kucheka. Akavua kofia yake. "Basi wiki tano nzima," akasema, "inayotibiwa kisukari ni ndoo ya taka."

Nikaenda kulichukua kopo, nikaligeuza, nikampelekea Kaka usoni. "Imeandikwa hapa, kwa lugha ya mama yako, koroga na unywe papo hapo! Hukusoma? Wewe, mtu wa vitabu, hukusoma?"

Akalishika kopo, akalisogeza karibu na pua, akalisogeza mbali, akanirudishia.

"Maandishi hayo ni madogo," akasema.

"Si ungeniita nikusomee?"

"Mjalidi aombe kusomewa kopo?"

Hasira yangu yote iliisha pale pale. Nilikuwa namsomea namba za mashine kila siku na haikunijia kwamba kopo nalo lina maandishi. Nilivuta stuli nikakaa karibu naye, nikamsomea neno kwa neno, kwa sauti. Anza na kiasi kidogo, ongeza polepole. Koroga kwenye glasi kubwa iliyojaa maji. Kunywa mara moja kabla haujawa mzito. Fuatisha glasi nyingine ya maji. Usiumeze mkavu kamwe. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kama mtoto anayesomewa ripoti ya shule. Kisha nikaisafisha rejista ya karani, nikaibandika kwa gundi ya kweli, na safari hii ikashika. Karani alikwenda zake akiwa amechelewa kidogo, lakini aliniambia mlangoni kwamba hakuna mkutano utakaokuwa mtamu kuliko ule aliouona kwetu.

Alasiri hiyo hiyo tukafunga karakana, tukaenda kliniki kwa miguu. Nesi aliposikia alicheka akaegemea kabati la faili. Alipomaliza akajifuta machozi, akawa mkali. "Sikuwaza kabisa kwamba mtu anaweza kuuchuja. Kosa hilo ni langu pia, ningekukorogea mbele yangu." Akaeleza upya, na akaongeza la vidonge: vikae mbali na unga huo kama saa mbili, usije ukavifunga tumboni visifanye kazi yake. Akapanga saa, akamwonyesha daktari, daktari akakubali.

"Zimebaki wiki saba," akasema Kaka. "Nikinywa mara mbili ya kipimo, si nitafidia zilizopotea?"

"Thubutu!" Nesi na mimi tulisema kwa pamoja.

"Utajiziba matumbo," akasema Nesi. "Maji yakimwagika hayazoleki, baba. Anza leo, nusu kijiko."

Kuanzia siku ile chumba cha gundi kilikuwa cha gundi tu. Dawa ilinywewa mezani kwangu, hadharani. Mimi namimina maji, Kaka anatia unga, Kisu anasimama kando na kofia yake juu kama mwamuzi wa mbio. "Koroga! Kunywa! Twende, twende, twende!" Kaka anagugumia, analaani, nampa glasi ya pili. Wiki ya kwanza tumbo lake liliunguruma hadi mteja mmoja akachungulia chini ya meza akidhani tunafuga mbwa. Tulicheka hadi mbavu zikauma. Halafu tumbo likazoea, kipimo kikapanda mpaka kijiko kizima, na Kaka akaanza kupeleka vitabu vyote vya jirani kwa miguu yake, hata vile ambavyo wenyewe wangekuja kuvichukua.

Wifi alikuja karakana kushuhudia. Alisimama na mkoba wake kwapani, akatazama glasi mbili zikiisha, akakohoa.

"Nilikusingizia keki, mume wangu."

"Ningeila kweli," akasema Kaka, "kama ningeona ilipo."

Wakacheka wote wawili, na wifi akajifanya kumpangusa masharubu ili ambusu shavuni. Mimi nikatazama ukuta.

Na namba! Acheni niwaambie namba! Kumi na tatu nukta moja. Kumi na mbili. Kumi na moja nukta tano. Siku moja ikaruka tena juu, kumi na tatu kasoro, nikataka kulia, kumbe mteja alimpa soda naye akaona haya kukataa. Nesi alisema siku moja haijengi wala haibomoi. Kesho yake kumi na moja. Halafu Ijumaa moja, Kaka amejitoboa kidole, damu imeingia kwenye kijikaratasi, mashine inahesabu, mimi nimeinama juu yake na sindano yangu ya kushonea ingali mkononi. Tisa nukta nane.

"Tisa!" nikapiga kelele. "Kaka, tisa!" Nilimkumbatia nikamchoma sindano begani. "Niue basi," akasema, "nife na tisa yangu!" Kisu alikuwa anacheza peke yake kati ya marundo ya karatasi, na mzee yule ana goti bovu.

Lakini zile za kidole hazikuwa hukumu. Hukumu ilikuwa kile kipimo cha miezi mitatu, na humo zilikuwamo pia zile wiki tano za maji ya kuoshea dawa. Asubuhi ya kwenda kuchukua majibu hakuna aliyekunywa chai. Tulikaa kwenye benchi la mbao, Kaka katikati, wifi huku, mimi huku. Nilihesabu vigae vya sakafu nikapotea, nikaanza upya. Kaka alikuwa anasugua dole gumba na kidole cha shahada, kama anapima gundi. Nikawaza, ikiwa nane nukta sita je? Nukta moja tu, na kaka yangu arudi mwisho wa foleni? Nilikasirika kabla hata ya kuambiwa.

Daktari wa macho akafungua faili. Akasoma kimya, huyo mtu, kama anasoma barua ya mkewe.

"Nane," akasema.

"Nane na nini?" nikauliza. Mdomo wangu huo.

"Nane nukta nne." Akafunga faili. "Unga umefanya kazi yake, na vidonge, na miguu, na aliyepika. Tunaendelea na tarehe yetu."

Wifi alipiga kigelegele ndani ya chumba cha daktari. Askari wa mlangoni alikuja mbio na kirungu. Kaka alikuwa amenishika mkono na kuubana.

Jicho la kulia lilifanyiwa upasuaji Alhamisi asubuhi. Ijumaa tukarudi kufunguliwa. Nesi wa macho alibandua bandeji taratibu, akamfuta, akamwambia afumbue. Kaka akafumbua. Akapepesa. Akaambiwa asome karatasi ya herufi ukutani, akasoma mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, akaenda hadi chini kabisa bila kukwama. Kisha akasogea karibu, akainamisha kichwa.

"Karatasi hii," akasema, "imekatwa kombo."

Tukacheka. Akamgeukia mkewe akamtazama, akatabasamu, akamwambia lile gauni ni zuri, kumbe ni la kijani. Kisha akanigeukia mimi. Akanitazama muda mrefu mpaka nikaanza kuona haya. Akanyoosha mkono, akanisogeza ushungi nyuma, akanigusa hapa juu ya sikio.

"Dada," akasema. "Nywele zako zimekuwa nyeupe."

"Ndiyo, Kaka."

"Tangu lini?"

"Mwaka wa tatu huu."

"Na tunakaa meza moja." Akanirudishia ushungi. "Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa nakusubiri uone mwenyewe."

Akaanza kulia, nami nikaanza, na nesi wa macho akatufokea sote wawili, kwamba jicho lile halitakiwi kulowa, tunyamaze mara moja.